Naomba ushauri: pedali za kunasa na viatu vyake kwa anayeanza

Mwendapole (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Ninaishi Mbezi Beach, Dar es Salaam, na kwa muda sasa ninakwenda kazini Posta kwa baiskeli siku ambazo hakuna mvua, kisha Jumamosi huungana na wenzangu kuelekea Bagamoyo. Baiskeli yangu ni ya mbio, ya mtumba, fremu ya alumini, na ilikuja na pedali za kawaida za plastiki ambazo sasa zinalia kila ninapokanyaga. Kwa kuwa sina budi kuzibadilisha, nimeona ni wakati wa kuhamia kwenye pedali zinazonasa kiatu, kama walivyo wengi katika kundi letu la Jumamosi.

Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mmoja ananiambia baiskeli ya mbio ifungwe pedali za mbio, zile za kliti (kipande kinachofungwa chini ya kiatu na kunasa kwenye pedali) kubwa ya plastiki inayoshikwa na boliti tatu. Mwingine anasema nichukue za baiskeli ya milimani, zenye kliti ndogo ya chuma. Muuza duka mmoja aliniambia kiatu chochote cha baiskeli hukubali pedali yoyote, jambo ambalo nimeanza kulitilia shaka. Hofu yangu kubwa ni kusimama ghafla: taa za barabarani za Mwenge na Morocco hapa Dar, daladala zinazokata kuingia kituoni bila ishara, na bodaboda zinazotokea popote. Naomba mwenye uzoefu anieleze nianze kuchagua nini, na kwa sababu gani, ili nisinunue mara mbili.

Fundi wa Sakina

Ndugu Mwendapole, karibu. Mimi hutengeneza baiskeli hapa Arusha, na swali lako huletwa kibandani kwangu na karibu kila anayenunua baiskeli yake ya kwanza ya maana. Wengi huja wakiwa wamekwisha nunua vitu visivyoingiliana, hivyo umefanya vyema kuuliza mapema.

Mtu asiyeshindana anapaswa kuchagua pedali hizi kwa kufikiria anavyosimama kuliko anavyokwenda. Kiatu kikishanasa na barabara ikiwa tupu, mifumo yote hufanana sana. Tofauti huonekana unapotoa mguu, unapokanyaga lami, unapoanza tena kuondoka, na unaposhuka ukatembea na kiatu hicho hadi dukani au ngazini.

Ukitazama mifumo hiyo ilikotokea utaona kwa nini. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza vifungo vya viatu vya kutelezea kwenye theluji, na mwaka 1984 ikautumia ujuzi huo kwenye pedali ya baiskeli. Mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa nazo. Mshindani wa aina ile hupanda baiskeli asubuhi na kushuka kwenye mstari wa mwisho, na katikati akipata hitilafu gari la timu liko nyuma yake. Kiatu chake hakikutengenezwa kwa kutembea, kwa hiyo kliti inaruhusiwa kuwa kubwa, ya plastiki, na kutokeza chini ya soli. Mwaka 1990 kampuni ya Shimano ya Japani ikatoa mfumo wake wa SPD kwa ajili ya wapanda milima, watu wanaolazimika kushuka, kusukuma baiskeli kwenye tope na mawe, na kupanda tena. Hao walihitaji kliti ndogo ya chuma iliyozama ndani ya soli yenye meno, na pedali inayonasa upande wowote uliokanyagwa. Sasa jiulize unafanana na nani kati ya hao wawili. Mtu anayepita Mwenge saa moja na nusu asubuhi anafanana na wa pili, hata kama fremu yake ni ya mbio.

Kuhusu hoja kwamba baiskeli ya mbio ifungwe pedali za mbio, hakuna sababu yoyote ya kifundi. Baiskeli karibu zote za kisasa zenye krenki (mikono inayofungiwa pedali) za vipande vitatu zina tundu la pedali la inchi 9/16, liwe la baiskeli ya mbio, ya milimani au ya mjini. Isipokuwa baadhi ya baiskeli za watoto na za bei ya chini sana, zenye krenki ya kipande kimoja, ambazo hutumia nusu inchi. Pedali haijui imefungwa kwenye baiskeli gani.

Muuza duka wako, kwa upande mwingine, amekupotosha. Kiatu ndicho kinachoamua. Geuza kiatu utazame soli: ukiona matundu matatu yaliyopangwa pembetatu, hicho ni cha kliti za mbio, yaani SPD-SL ya Shimano, Keo ya Look na jamaa zao. Ukiona mifereji miwili mifupi sambamba yenye boliti mbili, hicho ni cha SPD na mifumo mingine ya boliti mbili kama Crank Brothers na Time ya milimani. Vipo viatu vyenye matundu ya aina zote mbili, hasa vile vya kuendeshea baiskeli za mazoezi ya ndani, lakini soli yake huwa bapa, hivyo ukifunga kliti ya SPD inatokeza nje na unatembea juu ya chuma. Kwenye vigae vya ofisi hilo ni balaa.

Ushauri wangu kwako, kwa hiyo, ni SPD. Anza na kiatu cha boliti mbili kinachokukaa vizuri, kisha pedali. Pedali ya kawaida inayodumu ni Shimano PD-M520, inayonasa pande zote mbili. Si nyepesi wala haina sura ya kuvutia, lakini nimeona zilizotumika miaka mingi bila kufunguliwa hata kutiwa grisi, jambo ambalo silipendekezi. Ukitaka kuendelea kupanda kwa kandambili unapokwenda dukani, ipo PD-EH500 ambayo upande mmoja ni bapa na upande wa pili unanasa. Wengi huikimbilia kwa sababu ya woga, na woga huo naufahamu, ila ujue kwamba kila unapoondoka kwenye taa itakubidi uangalie ni upande upi uko juu. Baada ya muda mfupi wanaoanza nayo hutamani ile inayonasa pande zote.

Gurudumu la Kiserian

Nawasalimu kutoka Nairobi. Naheshimu maelezo ya fundi, ila naona ameegemea upande mmoja mno. Mimi hutumia pedali za boliti tatu na njia yangu ya kawaida ni kushuka kutoka Kiserian hadi Magadi na kurudi. Katika safari ya namna hiyo, ambapo unakaa saa nyingi ukikanyaga bila kushuka na joto la bondeni linapanda, uso mpana wa pedali ya mbio husambaza uzito chini ya unyayo wote. Nilipokuwa na SPD nilihisi kama ninakanyaga kifungo cha shati: sehemu moja ya unyayo iliwaka moto, kisha vidole vikafa ganzi. Isitoshe, mguu ulionaswa vizuri hukuwezesha kuvuta pedali juu badala ya kuisukuma chini tu, na hapo unapata nguvu ya bure kwenye mlima wa kurudi. Mtu anayepanga kwenda Bagamoyo kila Jumamosi asinyimwe faida hiyo.

Fundi wa Sakina

Ndugu wa Kiserian, kwa njia ya Magadi sina ubishi nawe. Huko hakuna taa za barabarani na mtu anaweza kukaa saa nzima bila kutoa mguu. Hata hivyo, hoja zako mbili zitenganishwe.

Ganzi na unyayo kuwaka moto mara nyingi husababishwa na soli laini kuliko udogo wa pedali. Kiatu cha SPD cha bei ya chini, chenye soli inayopinda kama raba, huruhusu kliti isukume unyayo kutokea chini. Kiatu cha SPD chenye soli ngumu ya nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo au kaboni huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, kwa sababu soli yenyewe ndiyo inayosambaza uzito. Sababu nyingine ni kubana kiatu kupita kiasi asubuhi ilhali miguu huvimba kadiri joto linavyopanda. Ndiyo maana nikasema fedha ielekezwe kwenye kiatu kwanza. Ukilazimika kubana matumizi, bana kwenye pedali.

Hilo la kuvuta pedali juu linasemwa sana, na limepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani walichapisha mwaka 2016 matokeo ya watu waliokanyaga kwa nguvu ya wati 50 hadi 150, mara kwa raba za kukimbilia juu ya pedali bapa, mara kwa viatu vya baiskeli vilivyonaswa. Nishati iliyotumiwa na mwili haikuonyesha tofauti ya maana. Katika mwendo wa kawaida misuli inayoinua mguu hufanya kazi ya kuupunguzia uzito mguu wenyewe tu, na ukijilazimisha kuvuta kwa nguvu unachoka mapema. Mambo hubadilika mtu anapokimbia kwa nguvu zake zote kwa sekunde chache, hasa akiwa amesimama juu ya pedali mlimani. Hapo kiatu kigumu kilichonasa huongeza nguvu waziwazi. Kwa anayekwenda kazini, faida halisi ni nyingine kabisa: mguu hautelezi mvua inaponyesha, hauruki kwenye matuta, na unakaa mahali pale pale kila siku, jambo ambalo magoti hulipenda kama kliti imefungwa sawasawa, na hulichukia kama imefungwa vibaya.

Kwa hiyo, Mwendapole, usiende kununua kwa kutarajia kasi, maana hutaipata kwenye pedali.

Mtaa wa Nyamirambo

Salamu kutoka Kigali. Nina mambo mawili mafupi. La kwanza, mnamshauri nini mtu anayetumia vikapu vya vidole vyenye mikanda, vile vya zamani? Mimi bado ninavyo, ni rahisi, na navaa kiatu chochote. La pili, hapa kwetu tuna milima na taa nyingi za barabarani, na wageni waliokuja kwa mashindano ya dunia ya Septemba 2025 walijionea wenyewe. Kila unaposimama unasimama kwenye mteremko au mwinuko. Je, ni mguu upi unaopaswa kutolewa kwanza?

Fundi wa Sakina

Vikapu ni kifaa cha heshima na sitamdharau mwenye kuvitumia. Kasoro yake ni moja: mkanda ukikazwa vya kutosha kushika mguu, huwezi kuutoa bila kuinama na kuulegeza kwa mkono, na ukiachwa mlegevu haushiki kitu. Kliti ya SPD huachia kwa kuzungusha kisigino nje, kazi ya nusu sekunde ambayo mikono haihusiki nayo. Watu huogopa pedali za kunasa kuliko mikanda, ilhali kwenye dharura mkanda uliokazwa ndio wa kuogopwa.

Kuhusu mguu: toa ule ulio upande wa ukingo wa barabara, ili uzito wako na baiskeli viegemee mbali na magari. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo ni mguu wa kushoto. Kwenu Rwanda, na vilevile Burundi na Kongo, ni wa kulia. Mtu akizoea mguu mmoja mwili huukumbuka wenyewe, kwa hiyo anayevuka mpaka na baiskeli yake ajizoeze upya kabla ya kuingia mjini. Kwenye mwinuko, toa mguu mapema zaidi kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu baiskeli hupoteza mwendo ghafla, na baiskeli iliyokwisha simama haikupi nafasi ya kufikiri.

Mwendapole

Nashukuru sana wakuu, sasa naanza kuona njia. Nimeamua SPD. Naomba nieleweshwe kuhusu ulegezaji wa springi ya pedali inayoshika kliti na aina za kliti, maana nimeona mtandaoni namba nyingi zinazofanana. Na je, ninaweza kufunga mwenyewe nyumbani?

Fundi wa Sakina

Kliti za SPD unazohitaji kuzijua ni mbili. SM-SH51, ambayo kwa kawaida ni nyeusi na ndiyo inayokuja na PD-M520, huachia kisigino kinapozungushwa pembeni tu. SM-SH56, yenye rangi ya fedha, huachia pia mguu unapovutwa kwa nguvu katika pande nyingine, ukiwamo wa juu. Kwa anayeanza, hasa mwenye hofu kama uliyoieleza, SH56 ni msaada mkubwa: ukishtuka na kuvuta mguu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, kliti itakuachia. Ubaya wake ni kwamba inaweza kuachia usipotaka, ukiwa umesimama juu ya pedali na kuvuta kwa nguvu. Wewe huna mashindano, kwa hiyo ubaya huo haukuhusu sana. Zote mbili hufungwa kwenye pedali ile ile, hivyo unaweza kuanza na SH56 na kuhamia SH51 baadaye bila kugusa kingine.

Pedali ikitoka kwenye boksi springi huwa imekazwa kuliko anavyohitaji anayeanza. Chukua alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 3, zungusha skrubu ya springi upande wa alama ya kutoa hadi iwe nyepesi, lakini usiitoe yote. Pedali ya PD-M520 ina skrubu nne, moja kwa kila uso wa kila pedali, na mtu akisahau mmoja atashangaa kwa nini mguu unatoka kwa urahisi mara moja na kugoma mara nyingine. Hesabu mizunguko na uifanye iwe sawa pande zote nne.

Kufunga mwenyewe unaweza. Pedali ya kulia hukazwa kama boliti ya kawaida, ya kushoto hukazwa kinyume chake, na zimeandikwa R na L kwenye shafti. Namna rahisi ya kukumbuka ni kwamba zote mbili, ukiwa umesimama pembeni mwa baiskeli upande wake, hukazwa kwa kuelekea gurudumu la mbele na hufunguliwa kwa kuelekea la nyuma. Tia grisi kwenye nyuzi, anza kwa vidole, na ukihisi inagoma mapema usilazimishe kwa spana, maana krenki ya alumini nyuzi zake huharibika haraka na hasara yake ni kubwa kuliko ya pedali. Pedali za zamani za baiskeli ya mtumba zinaweza kuwa zimeshikana na krenki; tia mafuta ya kupenyeza, acha usiku kucha, kisha tumia spana ndefu ya 15.

Bi Igoma

Kaka fundi, nakusalimu kutoka Mwanza. Naomba unisaidie na mimi kwa kuwa uzi huu umenigusa. Mguu wangu ni mdogo, ninavaa namba 37, lakini ni mpana mbele, na viatu vya baiskeli nilivyojaribu vyote vinanibana kwenye kidole cha mwisho. Pili, rafiki yangu alihamia pedali hizi na baada ya muda goti la kulia likaanza kumuuma upande wa nje, akaziacha kabisa. Nifanye nini nisifike huko?

Fundi wa Sakina

Dada, tatizo la upana ni la wengi wetu tuliokua tukitembea kandambili au peku, na viatu vingi vya baiskeli vya Ulaya vimechongwa kwa mguu mwembamba. Usikimbilie kuongeza namba ili upate upana, kwa sababu kiatu kikiwa kirefu kliti nayo inasogea kutoka mahali pake na kisigino kinapwaya. Tafuta kiatu kilichotengenezwa kwa mguu mpana; Shimano na kampuni nyingine chache hutoa baadhi ya viatu vyao katika upana wa ziada. Pima mguu jioni ukiwa umevimba kidogo, ukiwa umesimama juu ya karatasi, na utumie sentimita badala ya namba, kwa sababu namba hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Katika jedwali la Shimano, kwa mfano, namba 42 ni mguu wa sentimita 26.5, na hupaswi kudhani kampuni nyingine inafuata hesabu hiyo. Kiatu kizuri kinashika kisigino na katikati ya mguu, vidole vinabaki huru kucheza. Vya kamba huonekana vya kizamani, lakini kwa mguu mpana ndivyo ninavyovipenda, maana unaweza kulegeza mbele na kukaza juu; vya kubandika huja vya pili, na vile vya kitufe cha kuzungusha ni vizuri ila kikivunjika huku kwetu kukipata kingine ni kazi.

Tena kwa wakazi wa Dar, Mombasa na pwani yote: Shimano huuza pia sandali zinazofungwa kliti za SPD. Watu huzicheka, nami nilikuwa mmoja wa waliocheka hadi nilipomwona mteja wangu wa Tanga akitembea mchana wa Februari na miguu mikavu.

Sasa goti. Pedali ya kawaida humwachia mguu ujipange wenyewe. Pedali ya kunasa huushikilia mahali ulipofungiwa, na ukifungiwa pabaya goti hulipa kila mzunguko. Keti juu ya meza miguu ikining'inia, tazama vidole vinaelekea wapi bila wewe kuvilazimisha. Kama mguu wa kulia unaangalia nje kidogo, basi kliti iuruhusu uangalie nje. Kliti hufuata mguu. Maumivu ya upande mmoja wa goti mara nyingi hutokana na kisigino kulazimishwa ndani au nje kuliko kinavyotaka chenyewe. Kwa mbele na nyuma, papasa kwa kidole, juu ya kiatu, ule mfupa uliovimba chini ya kidole gumba na ule wa chini ya kidole cha mwisho, weka alama zote mbili, na kliti ikae ili shafti ya pedali ipite kati ya alama hizo. Ukikosea, kosea kwa kurudisha nyuma kuelekea kisigino. Kliti iliyo mbele mno huchosha shavu la mguu na kifundo.

Kabla hujasogeza chochote, chora mstari kuizunguka kliti kwa kalamu ili ujue ulikotoka, na usogeze kwa milimita moja au mbili. Kumbuka pia tandiko. Kiatu kipya na pedali mpya hubadilisha umbali kati ya unyayo na shafti, hivyo urefu wa tandiko uliokufaa jana huenda usikufae leo. Goti likiuma mbele, mara nyingi tandiko liko chini mno, na likiuma nyuma, liko juu mno. Boliti za kliti zikazwe vya kutosha, na grisi kidogo kwenye nyuzi, kwa sababu kliti iliyolegea huzunguka pamoja na mguu na hapo haiachii kabisa. Hiyo ndiyo ajali ya kijinga kuliko zote, na huzuilika kwa alenki ya milimita 4. Zikague tena baada ya safari za mwanzo.

Gurudumu la Kiserian

Nakubali hapo kwa fundi, na niongeze kwa wale watakaochagua boliti tatu hata hivyo. Kliti za SPD-SL zina rangi zenye maana: nyekundu haimruhusu kisigino kucheza hata kidogo, ya buluu huruhusu nyuzi (digrii) 2, ya njano nyuzi 6. Anayeanza achukue ya njano na asibishane na mtu. Kwa Look Keo hesabu ni nyingine, nyeusi ni 0, ya kijivu ni 4.5 na nyekundu ni 9, kwa hiyo nyekundu ya huku si nyekundu ya kule. Na anunue vifuniko vya mpira vya kuvalisha kliti anapotembea. Plastiki husagwa na lami haraka.

Mwendapole

Wakuu, nimepata kiatu cha mtumba soko la Karume, cha boliti mbili, namba yangu, kinaonekana hakijavaliwa sana. Chini kuna kipande cha mpira kimefunika mahali pa kliti, sioni mifereji. Muuzaji hajui lolote. Nikichukue? Na kwa mazoezi ya kutoa mguu, nianzie wapi?

Fundi wa Sakina

Kipande hicho cha mpira ni cha kawaida. Kwenye baadhi ya viatu hushikwa na boliti, kwenye vingine kimeunganishwa na soli na hukatwa kwa kisu kikali kufuata mstari uliochongwa. Kama bado kipo, ni dalili kwamba kiatu hakijawahi kufungwa kliti, na hiyo ni habari njema. Lakini kabla ya kulipa, toa soli laini ya ndani ya kiatu utazame kama kuna bamba la chuma lenye matundu yenye nyuzi. Bila bamba hilo huwezi kufunga kitu. Likiwa na kutu, jaribu kupitisha boliti ya M5 kwa mkono. Kisha pinda soli na ubonyeze kisigino kwa kucha: viatu vilivyokaa ghalani miaka mingi soli yake hugeuka kuwa chenga hata kama juu vinang'aa kama vipya, na gundi huachia katika safari ya kwanza. Soli ikipinda katikati kirahisi kama raba ya kukimbilia, kiache hata kikiwa bei ya bure.

Mazoezi yafanyie mahali usipohitaji kusawazisha baiskeli. Simama mlangoni au pembeni ya ukuta, mkono mmoja umeshika, nasa na nasua mguu wa kushoto hadi usiufikirie tena, kisha wa kulia. Nenda kwenye uwanja wa nyasi au barabara ya mtaa isiyo na magari, anza na mguu mmoja tu umenaswa, ujizoeze kutoa kabla ya kushika breki, kila mara kwa utaratibu huo huo. Kosa la kawaida ni kujaribu kuvuta mguu juu au nyuma. Kisigino kizungushwe nje, kama mtu anayezima kipande cha sigara. Wakati wa kwanza kupita Mwenge nao, toa mguu mita nyingi kabla ya taa na uendelee kukanyaga juu ya pedali bila kunasa, hakuna anayekutazama. Palipo na msongamano wa daladala kabisa, acha mguu wa kushoto huru hadi upite. Hata wazoefu hufanya hivyo.

Jambo moja la kuangalia kama utanunua pedali za kampuni nyingine badala ya Shimano, kwa mfano Wellgo: tumia kliti zilizokuja nazo. Nyingi hufanana na SPD kwa macho na hata hunasa, ila baadhi huachia kwa shida kwa tofauti ya sehemu ndogo ya milimita, na huwezi kuijua tofauti hiyo hadi siku unayohitaji kusimama. Msimu wa vumbi zisugue kwa brashi kavu na utie tone la mafuta ya cheni kwenye springi, kisha ufute yaliyozidi, maana mafuta mengi hukusanya mchanga na pedali huanza kugoma ilhali haina ubovu wowote.